Siku mdogo wangu alipojibu "mbaya"

Kwetu Tanga salamu ni shughuli inayojitegemea. Unaweza kutoka nyumbani saa mbili asubuhi ukafika sokoni saa tatu, na njia yenyewe ni ya dakika kumi. Habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za tangu jana. Na jibu linajulikana kabla swali halijaisha: nzuri. Hata aliyefiwa huanza na nzuri, ndipo aseme tuna msiba.

Mdogo wangu wa kiume alilikamata jibu hilo akiwa na miaka tisa na hakuliachia. Nzuri akiwa na homa. Nzuri kidole kimebanwa na mlango, machozi yanamtiririka. Tulimfundisha wenyewe kwa miezi, na siku alipojibu vizuri mbele ya wageni tulijiona tumeshinda. Miaka kumi na minne ikapita. Asubuhi moja ya mwaka 2014 mama alimuuliza habari za asubuhi, naye akajibu: "Mbaya. Jino."

Mama aliacha kuchambua mchele. Akamuuliza tena, maana hakuyaamini masikio yake. "Mbaya," akarudia, "jino," akagusa shavu kwa kidole. Daktari wa meno alikuta gego limeoza mpaka mzizi, tena si la jana wala juzi. Nikizihesabu "nzuri" zote alizotupa kipindi hicho, za asubuhi na za jioni, moyo unaniuma mpaka leo. Lakini siku ile yeye alirudi nyumbani na pengo, sisi tukarudi na furaha kama tumetoka harusini. Alikuwa na miaka 23. Kwa hesabu za watu, umri wake wa kujifunza ulikuwa umekwisha zamani.

Jina lake silitaji. Nilimuuliza kama naweza kuliandika, akasema hapana. Hiyo hapana nayo ina kisa chake, nitakifikia.

*

Ana usonji, hali ya ubongo ya kuzaliwa nayo inayobadili namna mtu anavyowasiliana na kuhisi mambo. Wengine huandika tawahudi, neno lililotoka Kiarabuni, kwenye shina lile lile la wahedi, moja. Mimi nabaki na usonji, kwa sababu tawahudi naona inambandika upweke ambao hana. Mdogo wangu anapenda watu. Kelele zao ndizo hazipendi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Mtu, si mtoto. Ukiketi ukafikiri, walio wengi lazima wawe watu wazima, kwa kuwa usonji mtu huzaliwa nao na huzeeka nao, na duniani watu wazima ni wengi kuliko watoto. Lakini angalia mabango ya Aprili 2 kila mwaka, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kwa ajili ya usonji. Utaona mtoto wa miaka mitano aliyevaa fulana ya buluu, ameshika puto. Sijawahi kuona bango lenye mwanamume mwenye ndevu na mikono ya grisi. Kwa hiyo watu wakikutana na huyo mwenye ndevu mtaani hawamtambui. Wanamwita mlevi, mwendawazimu, au mjeuri asiyeamkia wakubwa.

Kuhusu kuamkia. Mtu asiyeishi na usonji hajui ni mtego gani umefichwa ndani ya salamu zetu. Ukiambiwa "hujambo" unatakiwa ugeuze: "sijambo". Yaani neno ulilorushiwa usilirudishe kama lilivyo, libadilishe kichwa. Mdogo wangu alikuwa akilirudisha kama lilivyo. Hujambo? Hujambo. Akitaka chai alisema "unataka chai?" kwa sauti ya mama hasa, na kile kiulizo mwishoni, kwa sababu hivyo ndivyo maneno yalivyosikika kila chai ilipokuja. Daktari Leo Kanner, aliyewaeleza watoto 11 wa aina hii huko Marekani mwaka 1943, aliliona jambo hili kwa Kiingereza: watoto wale walijiita "wewe". Kwetu limejificha kwenye silabi moja tu, u badala ya ni, na jirani akisikia anadhani mtoto anamkaribisha chai. Jirani mmoja alikuwa akijibu "nashukuru, nimekunywa". Mwaka mzima.

Na shikamoo je? Akishaijua, alimpa kila mtu: bibi, watoto wa chekechea, mbuzi wa Mzee wa kona. Watu walicheka. Mama hakucheka hata siku moja.

*

Mama alihangaika. Nasema hivi bila kumlaumu mtu, maana kila aliyemshauri alikuwa na nia njema. Mdogo wangu alinyweshwa kombe, maandishi ya zafarani yaliyooshwa kwenye sahani, alivishwa hirizi, alipelekwa kwa mganga aliyesema mama aliruka kitu njiani akiwa na mimba. Upande wa baba wakasema hakuna cha mno, hata babu yake alichelewa kusema. Miaka baadaye nilisoma utafiti wa Joseph Gona na wenzake waliozungumza na wazazi na walimu wa Kilifi na Mombasa, nikaona nyumba yetu imo mle mle: mapepo, uchawi, laana, kisha hospitali, kisha tena mapepo. Pwani ni moja.

Lakini wasije wakatuambia kwamba ujinga ni wa kwetu peke yetu. Huko Marekani, wasomi wenye vyeo waliamini kwa miaka kwamba usonji husababishwa na mama baridi asiyempenda mwanawe. Bruno Bettelheim wa Chicago alilivumisha wazo hilo hata kwenye kitabu cha mwaka 1967. Mama friji, ndivyo walivyowaita. Nilipomsimulia mama yangu, ambaye alimbeba mtoto mgongoni mpaka alipofikisha miaka sita kwa sababu hakuvumilia sauti za magari, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Heri mganga wangu. Yeye alinilaumu kwa kuruka kitu tu."

Mwaka 2002 tulimpeleka Dar es Salaam, na huko ndiko tulikolisikia neno. Otizimu, alisema daktari. La Kiswahili tulilipata baadaye. Mama aliuliza swali moja. Atapona? Daktari, alikuwa mama mtu mzima aliyechoka, akasema: "Hapana. Ila atakua." Kwenye basi la kurudi mama aliibeba ile "hapana" peke yake, akaitazama dirishani mpaka Segera. Ile "atakua" niliibeba mimi, lakini nilikuwa na miaka kumi na saba na sikujua maana yake. Nilidhani anazungumzia kimo.

*

Kisha tukaanza kumkuza, na hapa ndipo tulipokosea kwa bidii kubwa.

Tulikuwa na orodha yetu vichwani. Akae ametulia. Amtazame mtu machoni. Asitikise mikono. Asirudierudie maneno. Afanye anachoambiwa. Kila kitu kilipofanikiwa tuliandikiana ujumbe. Leo amekaa msibani saa mbili bila kutikisa mikono! Hatukujiuliza amelipia nini. Alikuwa akirudi nyumbani analala kwenye sakafu ya jikoni, shavu kwenye saruji, mpaka usiku. Kumbe kule kutikisa mikono ndiko kulikokuwa kukimpoza. Tulimnyang'anya feni tukamsifu kwa kutoa jasho kimyakimya.

Akiwa na miaka kumi na saba, vijana wa mtaani waligundua tulichokuwa tumemfundisha. Walimwambia avue viatu, akavua. Walimwambia lete simu, akaleta, simu ya mama. Walimwambia ingia kwenye mtaro, akaingia, na walipoondoka aliendelea kukaa humo kwa sababu hakuna aliyemwambia atoke. Tulimkuta baada ya magharibi. Hakuwa analia. Alikuwa mtiifu.

Sijui kama kuna usiku nimewahi kujichukia kama ule. Tulimfundisha kutii, tukasahau kwamba sisi hatuchagui nani atakuja kumwamuru. Mtoto wa kawaida, hata umpige vipi, ukaidi anao wa kuzaliwa nao, unamlinda. Wake sisi tuliung'oa kama magugu.

Kesho yake nilianza kumfundisha kukataa. Nilitengeneza chai, nikaitia chumvi badala ya sukari, nikampa. Akanywa. Yote. Uso umemkunjamana, machozi yanamlenga, akanirudishia kikombe kitupu. Nikamwonyesha mimi mwenyewe: nikaonja, nikasukuma kikombe, nikasema hapana. Siku ya pili akanywa. Siku ya tatu akanywa nusu. Iliendelea karibu wiki tatu, chai ya chumvi moja na ya sukari tano ili asije akaichukia chai, mpaka jioni moja akasukuma kikombe kikaanguka na kuvunjika, akapiga kelele: "Hapana!" Mama alitoka mbio chumbani. Alinikuta nacheka na kulia kwenye vipande vya kikombe.

Sitawadanganya, miezi iliyofuata ilikuwa migumu. Hapana kuoga. Hapana madrasa. Hapana harusi ya binamu, amevaa kanzu tayari. Shangazi akanilaumu kwamba nimemharibu mtoto, alikuwa na adabu sana huyu. Ndiyo, alikuwa nayo.

(Mwaka huo huo ndipo alipoanguka kifafa mara ya kwanza. Mwenye mtoto au ndugu aliye na usonji akumbuke hili: kifafa huwapata wenye usonji zaidi kuliko watu wengine, na ujana ni wakati mmojawapo wa kuanza. Hakina uhusiano na pepo wala na hasira zake. Yeye anameza dawa kila siku saa mbili usiku, na saa yake ya mkononi anaijua kuliko mimi ninavyoijua yangu.)

*

Shule ilimwishia darasa la saba, kwa maana ya kwamba aliendelea kwenda mpaka wakasema asije tena. Tanzania ina vitengo vya usonji kwenye baadhi ya shule za msingi, Msimbazi Mseto ya Dar es Salaam ikiwa miongoni mwa zinazojulikana, na walimu wa vitengo hivyo nawavulia kofia. Shida ni kwamba ngazi inakatika hapo. Ukimaliza miaka ya shule hakuna ngazi nyingine, kuna baraza ya nyumbani.

Yeye aliondoka barazani mwenyewe, kwa baiskeli. Anayeijua Tanga anajua huu ni mji wa baiskeli, na kwamba barabara za Ngamiani zina namba. Kwa mtu kama mdogo wangu hiyo ni zawadi kutoka mbinguni. Alikuwa akizipita kwa mpangilio, moja baada ya nyingine, na hakukubali kurudi nyumbani kabla hajazimaliza. Kwenye mojawapo yupo fundi baiskeli, mzee mmoja asiyependa maneno. Mdogo wangu alisimama pale akitazama magurudumu yanavyozunguka. Siku ya kwanza saa nne. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya sita fundi alimpa gurudumu.

Nilikwenda kuomba radhi nikidhani anasumbua. Mzee akasema, "Mwache. Anaona kuyumba ambako mimi sikuoni tena." Akamfundisha kukaza spoki mpaka ringi itulie. Hakumfundisha kwa maelezo; alifanya mara moja, akamwachia. Ubaoni alichora kwa misumari na chaki umbo la kila spana, ili kila moja irudi kwenye kivuli chake. Mwanasaikolojia Eric Schopler na wenzake huko North Carolina, Marekani, walijenga mpango mzima, wa jimbo zima tangu mwaka 1972, juu ya wazo kwamba mwenye usonji humwelewa zaidi anayemwonyesha kuliko anayemhutubia. Mzee wetu alifika hapo hapo kwa sababu ya kuchoka kutafuta spana namba kumi.

Nikimfikiria mzee huyu namkumbuka Donald Triplett, mtoto wa kwanza kwenye orodha ya Kanner. Alizaliwa mwaka 1933 huko Forest, mji mdogo wa Mississippi. Hajafika miaka minne wazazi wake walishauriwa wamweke kwenye taasisi, wakamweka. Baada ya kama mwaka mmoja wakamtoa. Baadaye alikaa kwa mume na mke wakulima. Alikuwa na wazimu wa kuhesabu mistari ya mahindi, basi wakampa kazi ya kulima, ahesabu huku akilima. Alikuwa akipima kila kitu, basi wakamchimbisha kisima, awaambie kimefika kina gani. Hawakumkataza kitu alichokipenda, walikifungia jembe. Aliajiriwa benki, akajifunza kuendesha gari akiwa na miaka 27, na kufikia miaka 36 alikuwa ameanza kusafiri nchi za mbali peke yake. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89, bado ana usonji, bado yuko Forest, na watu wa mji wake walikuwa wamemzoea kama walivyozoea kengele ya kanisa.

Kanner aliwafuatilia tena wale watoto na kuandika mwaka 1971. Waliofungiwa kwenye taasisi kubwa za serikali ndio waliozimika. Naona watu wengi wakisoma kisa cha Donald husema alikuwa na akili za ajabu. Mimi naona alikuwa na familia iliyomiliki hisa kwenye benki, na mkulima mwenye subira. Sisi benki hatuna. Subira ipo, pale kwenye kibanda cha spoki.

*

Mama alifariki mwaka 2016.

Msibani mdogo wangu hakulia. Watu wakanong'ona kwamba hawa hawana hisia. Jioni yake tukamkosa. Tukatafuta barabara zote zenye namba, hayupo. Saa tatu usiku dereva mmoja wa bodaboda akatuambia yuko stendi, amekaa na baiskeli yake, anakagua kila basi linalotoka.

Nilichelewa kuelewa. Siku nzima watu walikuwa wakimpa mkono na kumwambia, "Pole, mama ametangulia." Na mama, alipokuwa akienda Korogwe kwa dada yake, alikuwa na mazoea ya kutuambia, "Mimi natangulia, mtanikuta stendi."

Nilikaa naye kwenye benchi. Nikamwambia maneno ambayo kwetu hayasemwi hivyo: Mama amekufa. Mwili wake uko kaburini, umeuona ukiingizwa. Hatarudi, si leo, si kesho. Wajomba wakisikia wangenikemea. Yeye alishusha pumzi ndefu, akainuka, akashika baiskeli. "Mama amekufa," akasema. Tukatembea mpaka nyumbani. Tangu hapo nyumbani kwetu hatumfichi kitu ndani ya maneno mazuri, na nimegundua hata mimi napumua vizuri zaidi.

Swali ambalo mama alilibeba miaka yote, nikifa atakaa na nani, lilijibiwa kwa namna ya kawaida kabisa: na mimi. Lakini nami nina miaka ya kuhesabika, kwa hiyo kazi yangu si kumbeba tu. Tulikwenda kuomba kitambulisho chake kwenye ofisi moja. Karani aliniuliza mimi, "Huyu anaitwa nani? Ana umri gani?" Nikamjibu muulize mwenyewe, yuko mbele yako. Akauliza, kwa sauti ya kumlea mtoto. Mdogo wangu akamtajia jina, tarehe ya kuzaliwa, na siku ya wiki aliyozaliwa. Kisha, bila kuombwa, akamuuliza karani tarehe yake, akamtajia na yeye siku ya wiki aliyozaliwa. Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri asilimia 3 wenye ulemavu. Nzuri kwenye karatasi. Mwajiri akisikia ulemavu anafikiria ngazi na kiti cha magurudumu; hafikirii mtu anayehitaji tu redio izimwe na maagizo yaandikwe.

*

Mwaka jana alitaka chumba cha uani kiwe chake. Alilitoa neno lenyewe: "Nataka." Ni, si u. Tukahamisha magunia, akapaka chokaa, akaweka komeo. Analipa umeme wake kutokana na fedha za kwa fundi, na bili anaijua mpaka senti. Kupika bado, anakula kwangu. Kuvuka barabara kuu yenye malori bado ananisubiri, na huenda akanisubiri daima.

Ameniwekea sharti moja: nipige hodi. Nilimfundisha mwenyewe, miaka hiyo, kwamba hodi ni mara tatu na usipoitikiwa unarudi ulikotoka. Jana jioni nilimpelekea chai na mikate ya kumimina, nikasikia gurudumu likizunguka ndani. Hodi. Kimya. Hodi. Gurudumu likasimama, nikadhani anakuja. Likazunguka tena. Nikapiga ya tatu, nikasubiri, kisha nikarudi jikoni na sinia langu.